Malalamiko Kuhusu Kistari Kimoja Katika Wasia wa Mzee Mbwana

Abubakar Issa Tsofa,
Bongwe, nyumba ya pili baada ya kisima,
Kwale.
Alhamisi

Kwa Mheshimiwa Mtunza Nyaraka za Zamani,
Mombasa.

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Kama wewe si mtu wa salamu hiyo, basi habari za asubuhi, na kama barua imekufikia mchana, utajirekebishia mwenyewe. Ukiwa umenizidi umri, shikamoo. Ukiwa hujanizidi, nimeshapokea yako.

KUHUSU: KISTARI KILICHOKAA JUU PAHALA PA KUKAA CHINI

Mimi ninayekuandikia najulikana kutoka Kombani mpaka Msambweni, na Kikoneni wananifahamu kwa sauti. Darasa la sita nililimaliza, la saba nililiona dirishani, kwa hiyo nalo nalijua. Chuoni nilisoma juzuu tatu na nusu, na ile nusu si kosa langu: mwalimu alihamia Tanga ghafla, akaondoka na ubao. Ni mimi niliyemfukuza chui wa Shimba kwa mwavuli, na mwavuli wenyewe haukuwa umefunguka. Ni mimi, mwaka ule nyuki walipoingia msikitini, niliyesema nao kwa upole wakatoka kwa safu, wakubwa mbele. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba mtu wa namna hii hashindwi na karatasi.

Sasa karatasi yenu imenishinda, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nina binti wa marehemu kaka yangu Jaafar. Anaitwa Ummi. Anasoma mambo ya historia chuo kikuu, na mwalimu wake alimpa kazi ya kutafuta asili ya ukoo wake kwa kutumia wasia wa wazee. Mimi nilidhani wasia ni karatasi ya kugombania minazi, lakini Ummi alinieleza vizuri. Alisema, "Ami, mtu akiandika wasia hutaja watoto wake, wake zake, jirani zake waliokuwa mashahidi, na kila alichokuwa nacho hadi mwiko. Wasia ni picha ya nyumba kabla ya kamera." Nikamwambia maneno hayo nilikuwa nayo moyoni siku nyingi, ila sikupata mtu wa kumwambia.

Basi alikuja kwenu Mombasa, akatafuta siku tatu, mkampa nakala ya wasia wa Mzee Mbwana wa Msambweni, wa mwaka 1931. Mzee Mbwana ndiye baba wa bibi yangu Mwanahamisi. Wasia ni wa Kiswahili chetu safi, lakini umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee. Ummi Kurani anaisoma, lakini mwandiko ule wa haraka haraka ulimpa taabu. Akasema, "Ami, tumngoje Maalim Kheri atusomee."

Nikamwambia, "Lete hapa. Kheri ataona nini nisichokiona mimi?"

Mheshimiwa, nilisoma mbele ya watu kumi na mmoja. Nilipofika mstari wa tisa nilisimama, kwa sababu mambo mengine hayasomwi mtu akiwa ameketi. Mstari huo unasema hivi: *Na mwanangu Mwanahamisi apewe kitanda cha kamba, na mbuzi jike, na Sinia, Liwali.*

Liwali! Mtawala wa Pwani, mtu wa joho na jambia, ambaye akipiga chafya Vanga watu wa Gasi wanasema "Yarhamukallah"! Mzee Mbwana alikuwa anampangia bintiye maisha kwa utaratibu: kwanza kitanda, kisha mbuzi, kisha mume. Na mume mwenyewe ni Liwali, jina lake Sinia.

Mke wangu Mbeyu, ambaye hajawahi kuiacha furaha yangu ikapoa yenyewe, akauliza, "Sinia ni jina la mtu?" Nikamjibu, "Hapa Bongwe hatuna Mzee Chungu? Kuna siku umemwona mtu amempikia mboga?" Akarudi jikoni, ila alirudi kwa namna yake.

Akatokea mwingine akasema mume wa Bibi Mwanahamisi tunamjua sote, ni Babu Tsofa, mkwezi wa minazi. Nikawaeleza kwa subira. Tsofa lilikuwa jina la kazini. Mtu wa kawaida akipanda mnazi anaangua nazi. Babu alikuwa akipanda kukagua milki yake. Zile nazi zilikuwa zinaanguka tu, kwa heshima.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, nami nayaorodhesha kama inavyotakiwa.

1. KUHUSU KISTARI CHENYEWE

Wewe ni mtu wa nyaraka, hili unalijua, lakini nalieleza kwa ajili ya karani wako. Katika herufi zile, lamu ikiwa na kistari juu husomeka *la*. Kistari hicho hicho kikiwa chini husomeka *li*. Kwa hiyo kistari kikiwa chini, neno ni *liwali*, na mimi ni mjukuu wa mtawala. Kistari kikiwa juu, maneno ni *la wali*, na Bibi yangu aliachiwa sinia la kupakulia wali.

Katika nakala yenu kuna kitu kidogo cheusi juu ya lamu. Maalim Kheri anasema ni kistari. Mimi nasema ni nzi. Karatasi imekaa kwenu zaidi ya miaka tisini, na nzi hana adabu ya kuuliza ni wasia wa nani. Nalalamika kwamba waraka muhimu kama huu uliachwa wazi mpaka mdudu akaingilia ukoo wa watu.

2. KUHUSU MAALIM KHERI

Huyu Maalim alivaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akasoma mstari wa tisa, akacheka mpaka wa juu ukaanguka. Akasema, "Abubakar, hili ni sinia la wali! Kitanda, mbuzi, sinia. Vyombo vya bi harusi!"

Nikamuuliza, mzee mwenye akili zake anaita mashahidi wanne kwa ajili ya sinia? Akajibu kwamba zamani sinia la shaba lilikuwa mali, linarithiwa, na nyumba isiyo na sinia haikuweza kukaribisha watu. Nikamwambia hiyo ni historia yake, na mimi nina yangu. Akasema, "Yako ina nzi." Maneno hayo yalisemwa hadharani, baada ya swala ya alasiri, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao.

3. KUHUSU MAJIRANI

Tangu siku hiyo sina amani ya kutembea. Nikipita kwa wacheza bao, mmoja huniita, "Liwali! Umepoa au tukupashe moto?" Syovata, mama wa Kikamba anayetuletea mboga kutoka Kikoneni, mtu niliyekuwa nikimheshimu sana kwa upole wake, alinishika mkono sokoni Kombani akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Lakini Mzee, wewe ni wa nazi ama ni wa pilau?"

Kwenye maulidi ya juzi niliketi mbele, mahali panapostahili. Mpakuzi akapaza sauti, "Sinia la Liwali liko wapi?" Wakaniletea sinia tupu, wakaliweka mbele yangu, wakasema nimsalimie babu. Watu walicheka hadi waliokuwa wanasoma kasida wakapotea kwenye beti.

Mimi nilikaa nalo sinia lile mpaka dua. Sikulisogeza. Mtu mwingine angelisogeza.

4. KUHUSU FEISAL NA WATU WAKE

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito, naomba usome taratibu.

Ummi ameposwa. Kijana ni Feisal wa Msambweni, fundi wa pikipiki, mtu wa swala tano. Posa niliipokea mimi mwenyewe, na siku ya nikaha tuliipanga iwe Jumamosi hii. Kwa kuwa kaka yangu Jaafar ametangulia mbele ya haki, na Ummi hana kaka wala babu aliye hai, walii wake ni mimi. Maana yake, kwa sheria yetu, mimi ndiye nitakayeushika mkono wa bwana harusi na kusema nimekuozesha. Bila walii hakuna ndoa.

Lakini posa niliipokea kabla ya kujua sisi ni nani. Kitukuu wa Liwali haozwi kama watu wanavyoazimana jembe. Kwa hiyo niliwapelekea watu wa Feisal masharti machache, ya kawaida kabisa. Waje na tarumbeta. Wageni wasimame mpaka mimi niketi. Hotuba ya nikaha imtaje Liwali Sinia mara tatu, au mbili ikiwa kuna mvua. Na kwa kuwa sisi tumeonyesha wasia wetu, na wao walete wasia wa wazee wao hadi babu wa saba, ili tujue binti anakwenda kwa akina nani.

Baba yake Feisal aliniletea jibu hili, nalinakili kama lilivyo: "Mwambieni Ami Abubakar kwamba babu yangu alikuwa na baiskeli moja, na aliiuza kabla hajafa. Angeandika wasia wa nini, wa kengele?"

Nikasema basi, hakuna wasia, hakuna walii. Jumamosi sitakuja.

5. KUHUSU UWALII WANGU KUTAKA KUNYANG'ANYWA

Maalim Kheri alikuja nyumbani akiwa na uso ambao hakuwa nao siku ya miwani. Akaniambia, "Ndugu yangu, walii akikataa kuozesha bila sababu ya kisheria, uwalii unamtoka. Unakwenda kwa kadhi, na kadhi atamteua mtu. Jumamosi ndoa itafungwa, uwepo usiwepo. Nzi si sababu ya kisheria."

Mheshimiwa, mimi nimewahi kuambiwa mengi. Lakini huyu mtoto, alipozaliwa, baba yake alikuwa safarini, na mimi ndiye niliyemwadhinia sikioni. Nilimwadhinia kwa sauti kubwa mno, mkunga akanifukuza, na mpaka leo nasema ndiyo maana ana akili. Mtu mwingine amwozeshe? Mtu wa kuteuliwa, kwa karatasi?

Nilitokwa na machozi kidogo. Mbeyu alikuwa anakata vitunguu katika nyumba ya jirani.

6. KUHUSU UMMI MWENYEWE

Hili si lalamiko, lakini sikujua pa kuliweka.

Ummi hajanijibu neno. Angenigombeza ningemshinda, maana kwa maneno hakuna anayeniweza tarafa hii. Ananiletea chai, anasema "Ami, chai," anaondoka. Ile kazi yake ya chuo ameiacha mezani. Amechora mti wa ukoo wetu, mzuri sana, majina yote ya wasia yamo: Mzee Mbwana, wake zake, Bibi Mwanahamisi, hata jirani mmoja shahidi ambaye hakutuhusu. Pembeni ya jina la Babu ameandika kwa kalamu ya risasi, "Tsofa, mkwezi?" Alama hiyo ya kuuliza ameiweka kwa ajili yangu, ili asinivunjie heshima. Nimeitazama sana alama ile. Inafanana na ndoano.

Ameniachia nafasi ya kuwa mkweli, nami sitaki kuitumia, kwa sababu nimeshawaambia watu wengi mno.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, suluhisho liko mikononi mwako, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Naiomba ofisi yako mambo matatu.

Kwanza, muitoe karatasi ya asili kabatini, mchukue wembe safi, mkikwangue kile kitu kilicho juu ya lamu. Kama ni nzi, mtakuwa mmefanya usafi. Kama ni kistari, mtakuwa mmerekebisha kosa la mwandishi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Pili, mchukue kalamu ya wino mweusi, mwandiko wa kizamani, mkiweke kistari hicho chini ya lamu. Hakuna atakayegundua. Nimekipima kwa kijiti cha kiberiti, ni kifupi kuliko kope. Serikali imehamisha barabara nzima, itashindwa kuhamisha kistari?

Tatu, mniandikie cheti chenye muhuri kinachosema Abubakar Issa Tsofa ni mjukuu halali wa Liwali Sinia. Kinifikie kabla ya Jumamosi adhuhuri. Nikishakuwa nacho mkononi, nitakwenda kuozesha kwa roho safi, bila masharti mengine, na tarumbeta nitawasamehe.

Mkikataa, nitalazimika kuamini kwamba hata nyinyi mmeshazungumza na Maalim Kheri.

Nakushukuru kwa kunisikiliza. Wasalimie wote ofisini kwako, mkubwa kwa mdogo, anayefungua mlango na anayefunga, yule bibi aliyemsaidia Ummi kupanda ngazi ya makabati, na walinzi wa getini hata kama walimpekua mkoba. Wasalimie na waliomo katika karatasi zenu, maana kwa hesabu yangu nusu yao ni ndugu zangu.

Ni mimi wako katika kutafuta haki ya ukoo,

Abubakar Issa Tsofa (mjukuu wa Liwali, cheti kinafuata)

Nakala kwa: Maalim Kheri, asome bila miwani.

TANBIHI:

Mheshimiwa, leo ni Jumapili. Barua hii haikuondoka Alhamisi. Dianah Kaindi, mama wa duka la kuchapa pale Ukunda, aliisoma yote huku anaichapa, akaniuliza, "Mzee wangu, hii ni malalamishi ama ni stori?" Kisha mashine yake ikaishiwa wino, akaniambia nirudi Jumamosi, yaani jana.

Jana nilipokuwa nakwenda kwa Dianah nilipita karibu na nyumba ya marehemu Jaafar. Si njia yangu, lakini siku hiyo niliona ni njia. Nilipita mara nne. Feisal na watu wake walikuwa wameketi kwenye majamvi, na Maalim Kheri yuko mbele na barua ya kadhi ya kumruhusu kuozesha. Kwa desturi akatuma watu mlangoni kwa Ummi, wamuulize kama ameridhia.

Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nyuma ya ua wa makuti nafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Alisema, "Ami wangu yu hai. Aniulize yeye. Mwingine akiniuliza sina jibu."

Maalim akasema kisheria inatosha yeye. Ummi akasema anajua. Hapo mimi, nyuma ya ua, nikapiga chafya.

Basi niliingia. Hakuna aliyesimama, na sikuangalia nani amesimama. Nilikwenda mlangoni nikamuuliza, "Ummi binti Jaafar, umeridhia nikuozeshe kwa Feisal?" Akasema, "Naam, Ami." Mimi niliyeongea na nyuki, ikabidi nimwombe Maalim maji. Nikaushika mkono wa Feisal, ulio na mafuta ya pikipiki hata siku ya harusi, nikasema maneno yote bila kukosea hata moja. Maalim alipofungua kitabu cha ndoa akaniuliza, "Jina kamili la walii?" Nikasema Abubakar Issa Tsofa. Akainua kalamu akanitazama. "Na Tsofa ni nani?" Nikasema, "Mkwezi wa minazi, wa Bongwe. Andika, na usiweke alama ya kuuliza."

Kwa hiyo kile kistari mkiache pale pale juu. Ummi amenikuzia picha yake kwenye simu, na kusema kweli hakuna nzi mwenye mkono ulionyooka vile. Wembe rudisheni ulikotoka.

Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu Dianah ameshaichapa vizuri na mambo ya chui yamekaa sawa. Cheti bado nakihitaji, ila cheo kimebadilika. Kama karani wako ni wa wale wanaoandika kabla hawajafika chini, na ameshanichapia LIWALI, asichane karatasi. Aondoe LI ya mbele, aongeze I moja nyuma, itasomeka WALII, na hicho ndicho nilicho.

Tafadhali asiisahau hiyo I ya nyuma. Akiisahau, Maalim Kheri hatanyamaza mpaka Siku ya Kiyama.